Unataka risiva ya bei nafuu ya kusikilizia muziki wa spika tano? Anza kuigeuza uone mgongo wake

Maswali yanayonifikia kwenye simu kuhusu hizi mashine ni yaleyale kila siku: ina wati ngapi, kampuni gani kali, ya 5.1 (spika tano na sabufa) na ya 7.1 (spika saba na sabufa) ipi bora. Nimeona niandike mara moja nimalize, maana hayo ndo maswali ya mwisho kabisa kuuliza. Wengi wanaolia baada ya kununua risiva ya mtumba wanalia kwa mambo mawili ambayo hawakuuliza, volti za mashine sio za umeme wetu, au matundu ya nyuma hayana uwezo wa kupokea huo muziki wa chaneli tano waliotaka kuusikiliza. Na yote mawili yanaonekana mgongoni.

Tuelewane kwanza, nikisema risiva simaanishi ile ya dishi wala king'amuzi. Namaanisha lile boksi zito lenye ampu ndani, upande mmoja unachomeka deki, kompyuta na TV, upande wa pili unafunga spika tano na sabufa. Na hapa naongelea kusikiliza muziki, sio muvi. Kwenye muvi spika za nyuma zinaguswa mara mojamoja, bomu likipigwa au mvua ikinyesha, ila kwenye muziki uliorekodiwa chaneli tano zile za nyuma zinaweza kubeba ngoma, waitikiaji, gitaa zima, yaani umekaa katikati ya bendi. Kwa hiyo spika za nyuma za kubahatisha hazifai.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Andaa hivi vitu:

- Vipimo vya chumba, urefu na upana, na picha ya sehemu utakayokaa.
- Laptop yenye tundu la HDMI, waya wake, na faili la majaribio la 5.1 (lile linaloita kila spika kwa zamu, yapo mengi ya bure mtandaoni). Lipakue mapema usitegemee bando dukani.
- Spika moja ndogo yenye waya uliokwisha kumenywa ncha.
- Simu yenye tochi na kamera.
- Hela uliyoigawa. Mimi nashauri nusu nzima iende kwenye spika, risiva ichukue kama theluthi, inayobaki ni waya, transfoma kama itahitajika na kinga ya umeme. Anayemaliza hela yote kwenye risiva halafu anafunga vispika vya plastiki atasikia plastiki tu.

HATUA KWA HATUA

1. Jua muziki wako unatoka wapi

Hapa ndo kila kitu kinaamuliwa, usiruke. Nyimbo zetu nyingi, iwe taarab, dansi au bongo fleva, ziko kwenye chaneli mbili, na ukizipiga kwa bluetooth bado ni chaneli mbili hata kama risiva ina spika tisa, maana bluetooth inayotumika kwenye risiva hizi inapitisha stirio tu. Muziki wa chaneli tano wa kweli unaupata kwenye DVD za matamasha (Dolby Digital au DTS), kwenye sidii za SACD zilizotoka mwaka 1999 na DVD-Audio zilizofuata mwaka 2000, kwenye Blu-ray za muziki, kwenye mafaili ya FLAC ya 5.1 unayopiga kwa kompyuta, na siku hizi Dolby Atmos (inayoongeza sauti za juu) ya mtandaoni, Apple Music wao waliianza mwaka 2021.

Kila kimoja kina njia yake ya kuingilia kwenye risiva. DVD za matamasha zinapita kwenye optiko, ule waya unaopitisha mwanga mwekundu, au kwenye koaksio (tundu moja la duara la dijitali), kwa hiyo hata risiva ya zamani isiyo na HDMI inakutosha kabisa na inauzwa bei ya chini sana. SACD, DVD-Audio na FLAC za chaneli nyingi hazipiti optiko, ile waya inabeba stirio ya kawaida au Dolby Digital na DTS zilizobanwa, basi. Hizo zinataka HDMI, au zile RCA sita za analogi (matundu ya duara kama yale mekundu na meupe ya deki) zilizoandikwa MULTI CH IN, EXT IN au 5.1CH INPUT.

Kama nyimbo zako zote ni stirio, bado risiva ina faida. Tafuta yenye Dolby Pro Logic II, na humo chagua MUSIC sio MOVIE, au DTS Neo:6 Music. Inachukua chaneli mbili inazisambaza kwenye tano kwa akili, sauti ya mwimbaji inakaa mbele, mwangwi wa ukumbi unakwenda nyuma. Mimi rekodi za zamani za dansi nazisikiliza hivyo na nazipenda hivyo. Mashine za kuanzia 2014 nyingi zina mrithi wake anayeitwa Dolby Surround.

2. Igeuze, soma volti

Kabla hujauliza bei. Mgongoni, karibu na waya wa umeme, pameandikwa mfano AC 230V 50Hz au AC 120V 60Hz au AC 100V 50/60Hz. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Ya 230 iliyotoka Uingereza, Ulaya au Dubai unachomeka tu. Ya 120 ni ya Marekani na Kanada, ya 100 ni ya Japani, na hizi zimejaa sokoni kwa sababu ndo zinazouzwa rahisi. Jirani yangu mmoja alinunua ya 120, muuzaji kamkatia plagi yake kamfungia ya pini tatu ya kwetu ili ionekane imekamilika, kafika nyumbani kachomeka ukutani, moshi. Hakupata hata wimbo mmoja. Plagi haikwambii chochote kuhusu volti, soma maandishi, na piga picha ukakuze herufi kama hazisomeki.

Je, ya 120 usinunue kabisa? Unaweza, kama bei inalipa hata baada ya kuongeza transfoma ya kushusha umeme. Angalia wati zilizoandikwa mgongoni halafu nunua transfoma yenye wati mara mbili yake, mashine ikisema 350W wewe tafuta ya 700 kwenda juu, 1000 ndo nzuri zaidi. Kwa ya Japani kuwa makini, transfoma nyingi zinatoa 110, na siku umeme wa ukutani ukipanda hadi 240 ile 110 inakuwa karibu 115, hiyo ni nyingi kwa mashine ya 100. Tafuta yenye njia ya 100 kabisa. Na jua kwamba transfoma inashusha volti tu, haibadilishi 50Hz kuwa 60Hz, kwa hiyo mashine ya Marekani huku itapata joto zaidi kidogo, ipe nafasi ya kupumua.

Chache zina swichi mgongoni imeandikwa VOLTAGE SELECTOR. Hizo ni nzuri, ila hakikisha swichi iko 230 kabla ya kuchomeka, usimwamini mtu aliyeishika kabla yako.

3. Soma matundu

Sasa hesabu HDMI. Kwa muziki tatu zinatosha. Hauhitaji 4K, hapo ndo unaokoa hela, risiva za kati ya mwaka 2007 na 2013 zinashushwa bei kwa sababu nyingi hazipitishi picha ya 4K, wakati kwa sauti nyingi zinapokea yote tunayoitaka, chaneli nane za PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio. Ukiona nembo hizo mbili za mwisho usoni mwa mashine ujue HDMI yake ni ya 1.3 au zaidi. Atmos ndo haipo, hiyo iliingia kwenye risiva za nyumbani mwaka 2014.

TAHADHARI: kuna risiva za mwanzoni mwa HDMI ambazo hilo tundu linapitisha tu kwenda kwenye TV, sauti haishuki kwenye ampu hata kidogo. Kwa macho huwezi kuzijua, ni sawasawa na nyingine. Dawa yake ni kujaribu kwa laptop yako palepale, nitaeleza hatua ya 6.

Kama unataka mpya dukani yenye warranti, za ngazi ya chini kama Yamaha RX-V385 au Sony STR-DH590, zote za mwaka 2018, zina HDMI nne za kuingilia na zinadikodi hizo fomati mbili. Atmos hazina, na kwa mtu anayeanza sioni hasara.

4. Wati, kwa kifupi

Wati zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi zinapimwa spika moja tu ikilia. Tafuta sehemu iliyoandikwa 8 ohm, 20Hz mpaka 20kHz, chaneli mbili zikilia, hiyo ndo namba ya kweli, na 50 mpaka 70 inatosha sebule ya kawaida. Tofauti ya 70 na 100 ni desibeli moja na nusu, sikio linaisikia kwa shida. Ukiona PMPO (wati za matangazo tu) na namba za maelfu, ondoka.

5. Chaneli tano zinatosha

Muziki mwingi wa chaneli nyingi umechanganywa kwa 5.1. Mashine ya 7.1 sio mbaya, mbili zitakaa bure tu, ila usiilipie zaidi. Bora spika tano zinazofanana kuliko saba za makabila tofauti.

Na yale masabufa ya dukani yenye vispika vitano yameandikwa 5.1, mengi nyuma yana RCA mbili tu, nyekundu na nyeupe, maana yake sauti ileile inarudiwa kwenye spika zote. Ukisikia raha nayo ni sawa, ila hiyo sio chaneli tano.

6. Ijaribu palepale kwa muuzaji

Usikubali "ikiwaka ni nzima". Kuwaka ni taa tu. Fanya hivi:

a) Washa usikilize. Baada ya sekunde chache inatakiwa isikike "tak" ndani, hiyo ni rilei inafungua spika. Isiposikika, au ikisikika halafu mashine ikajizima, iache.

b) Funga spika yako ndogo kwenye njia ya mbele kushoto, weka TEST TONE kwa rimoti, sikiliza, zima, hamishia njia inayofuata, mpaka tano zote ziishe. Inachosha, muuzaji atanuna, vumilia. Njia ya senta na za nyuma ndo zinakutwa zimekufa na hakuna aliyegundua kwa sababu watu wanajaribu mbele tu.

c) Chomeka laptop kwa HDMI. Kwenye Windows nenda setingi za sauti, chagua risiva, bonyeza Configure. Ikikupa 5.1 na faili lako la majaribio likatoka kila spika kwa zamu yake (hamisha ile spika yako), basi HDMI inafanya kazi na sauti inashuka kwenye ampu. Ikikupa stirio peke yake, jaribu tundu lingine la HDMI na waya mwingine kabla ya kuikataa.

d) Iache iwake nusu saa mkipiga stori. Nusa juu yake. Joto la kawaida sawa, harufu ya kuungua hapana.

e) Mulika tochi kwenye matundu ya juu. Mende, sisimizi, kutu ya kijani. Mashine iliyokaa Pwani miaka mingi chumvi ya hewa inakula viungo vya ndani, usidanganywe na uso uliopanguswa.

f) Rimoti. Bila rimoti ya modeli hiyo menyu nyingi hazifunguki. Maiki ya kupimia chumba ikiwepo ni bahati, ila isipokuwepo usiazime ya kampuni nyingine, kila moja imepimwa kwa mashine zake na itakupa majibu ya uongo.

7. Spika na waya

Spika za 8 ohm, au 6 kama kitabu cha mashine kinaruhusu. Spika za zile seti za hometheater ya boksi moja nyingi ni 3 au 4 ohm, usizifunge kwenye risiva hii, itajizima au itaungua. Wala usiunganishe spika mbili kwenye njia moja.

Waya nunua duka la vifaa vya umeme, ule laini wenye nyuzi nyingi wa 1.5mm, ukizidi mita kumi chukua 2.5mm. Menya sentimita moja tu, sokota nyuzi zote, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili za kila spika. Uzi mmoja ukigusa tundu la jirani mashine inaingia protect, yaani inajizima kujilinda.

8. Zipange

Kaa unapokaa. Spika za mbele kushoto na kulia ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, yaani wewe na hizo mbili mfanye pembetatu ya pande sawa. Senta katikati yao. Za nyuma sio nyuma kabisa, ni nyuzi kama 110, ubavuni kwako zikirudi nyuma kidogo, usawa wa masikio. Chukua kamba, fundo moja kwenye kiti, pima, zote tano ziwe urefu mmoja kutoka kwako kama chumba kinakubali. Kwa muvi watu wanazitundika za nyuma juu karibu na dari, kwa muziki zishushe, hakuna mpiga gitaa anayekaa darini.

9. Setingi

Kama una maiki iweke kwenye urefu wa sikio, wote mtoke, zima feni, endesha upimaji (Yamaha unaitwa YPAO, Denon ni Audyssey, Pioneer ni MCACC). Kama huna, ingia mwenyewe kwa mkono: umbali wa kila spika kwa mita, spika zote ndogo weka SMALL, krosova (pale besi inapoachiwa sabufa) 80Hz, zikiwa ndogo sana 100 au 120. Halafu TEST TONE, na programu ya kupima desibeli kwenye simu, rekebisha mpaka zote tano zisomeke sawa pale kitini. Simu inaweza kukosea kipimo chenyewe, ila hapa unalinganisha spika kwa spika kwa hiyo inafaa. Watu wengi wanaongeza za nyuma ili "zisikike", wiki ya kwanza inafurahisha, baadaye kila wimbo unakuvuta kisogo.

Kitu kingine, vyombo vyote chomeka kwenye risiva kwanza, kisha risiva iende kwenye TV. Ukichomeka deki kwenye TV ukategemea ARC irudishe sauti, ile njia haipitishi PCM ya chaneli nyingi, hiyo inataka eARC, toleo jipya la ARC, ambayo kwenye mashine za bei yetu ni nadra.

Na kinga: umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndo unaoua hizi mashine, nunua friji gadi, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme. Juu ya risiva usiweke deki wala kitambaa, acha sentimita 15 hewa ipite.

IKIGOMA

Spika za nyuma kimya kwenye DVD ya tamasha: ingia setingi za deki. Deki nyingi za Kichina zinakuja zikiwa SPDIF/PCM, hiyo inatoa stirio. Weka SPDIF/RAW, nyingine zinaandika Bitstream. Halafu kwenye menyu ya DVD yenyewe chagua sauti ya 5.1, nyingi zinaanza na stirio. Kioo cha risiva kikiandika DOLBY DIGITAL au DTS umefika.

Spika zote zinatoa kitu kilekile: umebonyeza All Channel Stereo, au 5CH Stereo. Hiyo ni ya sherehe. Rudi kwenye Straight, Direct au Auto.

SACD inatoa stirio tu: sidii nyingi za SACD zina sehemu mbili, ya stirio na ya chaneli nyingi, deki ndo inachagua. Badilisha kwenye setingi za deki iwe Multi. Na hakikisha deki inasoma SACD kweli, nyingine zinasoma tabaka la CD ya kawaida na hazikwambii. Mwenye PS3 za mwanzo, zile za 20GB na 60GB, anayo deki ya SACD ndani ya nyumba na pengine hajui.

Besi imepotea ukitumia MULTI CH IN: risiva nyingi hazigusi sauti inayoingia hapo, SMALL na krosova ulizoweka hazifanyi kazi. Weka hizo setingi kwenye deki yenyewe.

Sauti nyembamba, besi inakuja ukisogea pembeni ya chumba: kuna spika umegeuza nyekundu na nyeusi. Kagua zote, hata ile unayoapa uliifunga vizuri.

Inajizima ukiongeza sauti: kwanza waya unaogusana, pili spika za ohm ndogo, tatu joto. Kama ni ya transfoma, ishike transfoma kwa mkono, ikiwa ya moto sana ni ndogo kwa kazi hiyo.

Sabufa inanguruma "mmmm" hata muziki ukizimwa: chomeka sabufa na risiva kwenye soketi moja ya ukutani kwa kutumia ekstensheni. Ikiendelea, chomoa waya wa antena au wa dishi uliounganishwa na TV uone, mara nyingi mngurumo unaingilia huko na wala sio kwenye sabufa.